Ushauri Uliopita Juu ya Ukuta

Baba Paroko, tumsifu Yesu Kristo. Mheshimiwa Diwani, ambaye leo umefika wakati nyama bado iko jikoni, jambo ambalo sisi wananchi tumeliona na tunaliheshimu. Ndugu Mwenyekiti wa kijiji na kamati yako. Wazee wangu wa ukoo, shikamooni. Shemeji yangu Primus, mwenye nyumba, na dada yangu Stella, mwenye nyumba wa kweli. Ndugu wageni waalikwa mliopanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na mtaa wa Soweto hapo mjini, mliopanga magari yenu mpaka kwenye kona ya misheni. Majirani zangu wa juu na wa chini. Na wewe mama mkwe wangu, Mama Magreth, ambaye hukuketi nasi hapa chini ya turubai kwa sababu uko nyuma ya ukuta ule, lakini najua spika hizi zinakufikia vizuri kuliko zinavyotufikia sisi: nawasalimu wote kwa nafasi zenu, na wewe mama nakusalimu peke yako. Shikamoo.

Kwa wale wasionifahamu, jina langu ni Bernadetha, mjane wa marehemu Mathew, jirani wa upande wa chini. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, na kihamba cha shemeji Primus vimepakana tangu enzi za babu zao, migomba yao ikiinamia kwetu na mikahawa yetu ikichungulia kwao. Mshereheshaji ameniambia niseme neno la majirani, liwe fupi, na humo ndani niweke ushauri kidogo kwa wenye nyumba hawa ambao leo nyumba yao imebarikiwa. Nilimjibu kwamba hayo mawili hayakai pamoja. Ushauri mfupi hapa Kilema bado haujazaliwa.

Ndugu wageni, huku kwetu kahawa imewahi kugoma, ndizi zimewahi kuugua, maji yamewahi kukatika masika na kiangazi. Ushauri haujawahi kukatika. Mkitaka kulihakikisha hilo, mkitoka hapa msimamisheni mtu yeyote mumuulize njia ya kwenda kanisani. Atawaonyesha njia. Kisha atawaambia kwamba viatu mlivyovaa si vya huku, kwamba gari lenu linakula mafuta, kwamba kikohozi cha huyo mtoto kinataka mafuta ya ng'ombe kifuani, na kwamba yule mliyekuja kumsalimia, ingawa ni mtu mzuri, msimwamini sana. Mtafika kanisani misa imekwisha, lakini mtafika mmeelimika.

Sasa shemeji Primus alirudi kwetu mwaka juzi, baada ya kustaafu kazi ya bohari huko Dar. Alirudi na lori la vyombo, moyo mweupe, na kosa moja tu. Alishuka kwenye lori, akajinyoosha mgongo, akasema mbele za watu, "Jamani, mnanishauri nijenge vipi?" Shemeji, wewe si mtoto wa hapa hapa? Ulisahau nini huko ulikokuwa? Swali kama hilo mtu anamuuliza mkewe, tena wakiwa wamefunga mlango. Kabla kochi halijashuka kwenye lori ulikuwa umeshajengewa nyumba nzima kwa maneno, na kubomolewa, na kujengewa nyingine.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Elimringi. Shikamoo mzee wangu. Naomba usimame kidogo wageni wakuone. Asante, kaa. Huyu ndiye bingwa wetu wa majengo. Anajua nondo, anajua zege, anajua bati lipi linavuja na fundi yupi anakunywa. Nyumba za watu wote anazijua isipokuwa moja, nayo ni yake mwenyewe, ambayo dirisha la sebuleni mpaka leo ni gunia. Lakini mzee akisimama kwenye kiwanja cha mtu mwingine, mikono nyuma, kofia imelazwa upande, haonekani kuwa na shaka hata kidogo, na sisi tunamsikiliza.

Ni yeye aliyesema kwamba nyumba ya mtu mzima lazima iitazame barabara, ili apitaye ajue nani anaishi pale. Shemeji akaitazamisha barabara. Zikaja nguzo nene za mbele, ikaja ngazi ya marumaru, ukaja ubaraza ambao unaweza kufungia harusi. Ni nyumba nzuri, sisemi uongo mbele ya Baba Paroko. Ila mlima uko nyuma. Watu wanavuka bahari kuja kuutazama mlima huu, wanalipa, wanapiga picha, wanalia machozi. Na katika nyumba hii nzima dirisha pekee linaloiangalia Kibo ni la choo, tena choo cha wageni. Kwa hiyo, ndugu waalikwa, leo mkiona mtu ameingia haja ndogo akakawia, msimgongee mlango. Yuko kwenye utalii.

Naona Lucky unacheka. Subiri, mwanangu, nawe nakuja.

Lucky, kwa wageni, ni dereva wetu wa bodaboda, yule aliyejisogeza karibu na pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, kana kwamba amepangiwa zamu. Yeye ndiye mshauri wetu wa usafiri. Chochote chenye magurudumu anakihesabu kuwa ni ndugu yake, na hajawahi kuendesha gari. Mvua za masika zilipoanza, gari la shemeji likakataa kupanda kile kilima cha hapo chini, chenye udongo mwekundu, ambacho kikilowa hata mbuzi anashuka akifikiri. Sisi wote tunajua dawa yake. Masika, gari linabaki misheni, unavua viatu, unapanda kwa miguu yako, unanawa ukifika nyumbani. Lucky akasema hapana. Akasema, "Mzee, gari lako hili nguvu zake ziko nyuma. Panda rivasi."

Na shemeji yangu, mtu aliyesimamia bohari nzima kwa miaka yote ile bila kupotea hata msumari, akageuza gari akapanda kilima kinyumenyume, shingo nje ya dirisha, huku Lucky akimwelekeza kwa mikono miwili, mkono huu ukisema kushoto na mkono huu ukisema kulia. Gari likakaa kitako ndani ya mfongo. Wageni, mfongo ni mfereji wetu wa maji, tuliochimbiwa na mababu, na maji yake yana zamu. Siku ile zamu haikuwa ya Mzee Elimringi, lakini maji yalipolikuta gari yalitafuta njia nyingine, yakaipata, yakaingia jikoni kwake. Mzee akatoka nje na ndizi ya kuchoma mkononi, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Hakumpa mtu pole wala hakulaani. Alilitazama gari, akatafuna, akasema, "Mngeweka matawi chini ya tairi."

Tulilisukuma wote. Kila aliyesukuma alishauri, na waliofika baada ya gari kutoka walishauri zaidi.

Nije kwa ng'ombe, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoulizwa. Nilimwambia shemeji: ukifika mnadani Sanya Juu, mwambie muuzaji amkamue mbele yako, chuchu zote, na akikwambia ameshakamuliwa asubuhi, muage uondoke. Shemeji akanishukuru sana. Akaenda na Mzee Elimringi. Mzee hakuinama kutazama chini. Alimtazama ng'ombe usoni, akasema ana macho ya upole. Basi ng'ombe akanunuliwa macho. Akapandishwa lori la Fuso, akaletwa, akaitwa Malkia, na chuchu yake moja mpaka leo ni ya mapambo.

Malkia akajengewa banda, na mzee akasema banda la kisasa linawekwa vigae, unamwaga maji tu, kazi imekwisha. Likawekwa vigae. Ndugu zangu, vigae vyeupe, vinavyong'aa, kwenye mteremko. Malkia akaingia kwa heshima zake zote na miguu yake minne ikaenda pande nne. Akalala pale chini akitutazama kwa yale macho ya upole. Sisi tukazunguka banda, tukaanza. Huyu anasema avutwe mkia, huyu anasema aitwe bwana mifugo, Lucky anasema atolewe rivasi.

Ndipo akaja Mama Magreth. Msidhani yeye hakushauri. Alishauri kutushinda sote, alimwanza shemeji kwenye nywele akamalizia kwenye viatu, ila alishauri huku akitandaza majani makavu ya mgomba aliyokuwa ameyabeba kichwani, akayasukumiza chini ya kwato moja moja, kisha akampiga Malkia kofi la ubavuni na kumwambia maneno ya Kichagga ambayo sitayarudia mbele ya Baba Paroko. Malkia akasimama. Mama akajifunga kanga yake vizuri akarudi nyumbani kwa kinjia kile alichojia.

Naomba hicho kinjia mkiweke akilini. Kilikuwa kinaanzia uani kwetu, kinavuka mpaka penye masale, kinakatiza kwa shemeji, kinatokea hapo barabarani, na ukifika barabarani kanisa unaliona. Kimepitisha maharusi. Kimepitisha ndama, mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na watoto wa shule wanaochelewa. Shemeji Primus na mume wangu Mathew walikipita kila siku ya utoto wao, kaptula zimetoboka, wakija kula kwa Mama Magreth, kwa sababu mama yake Primus, Mungu amrehemu, alikuwa anabana sana chakula. Shemeji, umekulia kwenye chungu cha yule mama. Hilo halihitaji shahidi, wewe mwenyewe ulilisema kwenye mazishi ya Mathew, ukalia, na sisi tukalia nawe.

Basi mwaka huu, Pasaka ilipopita, ushauri mwingine ukashuka. Mzee Elimringi akasema, "Ukiacha kinjia wazi, kesho kitaitwa njia ya wote, na keshokutwa utakuta barabara imepita sebuleni." Lucky akasema kuna wezi wa parachichi. Nani aliyeibiwa parachichi? Parachichi huku yanaoza chini, tunawapa nguruwe. Na mgeni mmoja wa Dar, ambaye simtaji kwa kuwa amekaa meza ya mbele, akasema nyumba bila ukuta ni sawa na mtu aliyevaa suti bila shati. Shemeji akaitwa kila upande, akaitikia kila upande. Akamwita fundi Ebenezeri.

Ebenezeri hakuwa na pa kupitisha msingi mpaka masale yang'olewe. Wageni wangu, masale ni ile mimea ya majani marefu ya kijani mnayoiona kwenye mipaka yetu. Ndiyo mpaka wetu, na ndiyo pia msamaha wetu. Mtu akikukosea, hata kama amekukosea la kukufanya uape hutamtazama tena, akija kwako na jani la isale mkononi, humkatalii. Wazee hapa wananiitikia kwa kichwa. Kuna watu wameketi turubai moja leo ambao, bila jani hilo, wangekuwa hawajasalimiana tangu enzi ya ushirika wa kahawa. Masale ya mpakani kwetu aliyapanda babu yake Primus kwa mkono wake. Shemeji aliyang'oa yote, akayatupa korongoni. Ukuta ukapanda, ukatiwa vipande vya chupa kichwani, na kinjia kikaja kuishia kwenye tofali, nasi tukabaki na korongo la nyuma ndilo njia yetu.

Nilikuja kwako, shemeji. Hukunipokea vibaya, ulinipa chai na andazi. Nikakuomba mlango mmoja, upana wa mzigo wa majani ya ng'ombe unapokuwa kichwani kwa mwanamke, basi. Ukaniambia, "Shemeji, tutaliangalia." Neno hilo ulilitoa Dar. Huku kwetu mtu akikataa anakataa, mnagombana, mnanuniana mpaka Krismasi, mnapatanishwa kwa mbege, maisha yanaendelea. "Tutaliangalia" tunaipatanishaje? Mmekuwa mkiliangalia tangu Pasaka. Naomba kuuliza mbele ya wageni waalikwa, mmeona nini mpaka sasa?

Mheshimiwa Diwani, usiinamishe kichwa. Sijafika kwenye barabara.

Mwezi wa tisa, asubuhi, Malkia akashikwa na uchungu na ndama akakwama. Bwana mifugo alikuwa mbali. Shemeji akanipigia simu, nami nilikuwa uani kwangu, karibu kiasi kwamba nilimsikia kwenye simu na nikamsikia kwa masikio. Nikamwambia nakuja, ila nazunguka korongo. Akasema, "Shemeji, hakuna muda." Kweli hakukuwa na muda. Nikageuza ndoo, nikapanda juu ya ndoo, nikatoa kichwa katikati ya vipande vya chupa, na kutoka hapo nikamzalisha ng'ombe wake kwa mdomo.

Shemeji alikuwa amevaa suti, maana alikuwa anaelekea kikaoni mjini. Nikamwambia, "Shika miguu ya mbele. Vuta anaposukuma. Akipumzika, pumzika." Yeye anavuta tu, hasikii, amekaza meno, kama vile gari liko kwenye mfongo. Nikamwambia, "Shemeji, pumzika." Akaniuliza, "Nani, mimi?" Nikamwambia, "Wote wawili." Ndama akatoka, jike, mzima. Na shemeji akaketi kwenye vile vigae, amelowa kutoka tai mpaka soksi, ameupakata ule uso mdogo mapajani, akalia. Nilimwona. Nilimpenda sana siku ile, nalisema wazi. Nikarudi ndani nikamwambia Mama Magreth, mama, huyu sasa ataufungua ukuta.

Wiki iliyofuata akaja fundi Ebenezeri na mchanga na saruji. Tukafurahi. Mama Magreth akamchemshia chai. Ebenezeri akaunyanyua ukuta ukawa mrefu zaidi, kwa sababu Mzee Elimringi alikuwa ameshauri kwamba, kama kichwa cha Bernadetha kinaweza kutokea pale, mwizi naye atapita.

Mnacheka, na nilitaka mcheke, ni siku ya sherehe. Lakini wageni wangu, tazameni. Ushauri unaruka ukuta. Mtu mwenye umri wa Mama Magreth haruki. Korongo lile mimi mwenyewe nalipita nikishika mizizi. Lucky alijitolea, tunamshukuru, akamzungusha kwa pikipiki kwa njia ya chini, ndefu, isiyopita gari. Mama akakaa upande, mwavuli juu, akamshauri njia nzima, punguza, ongeza, lile shimo, yule kuku, mpaka Lucky akasimama akamwomba ashike yeye usukani. Walipofika, magoti ya mama yalikuwa hayakunjuki. Hakupanda tena. Tangu hapo mwanamke aliyepamba altare ya kanisa lile tangu usichana wake anaisikia misa kwa kengele. Baba Paroko ndiye anayemletea komunyo, kanzu imekunjwa mpaka magotini, matope mpaka hapa. Baba, nakuona unatabasamu. Ile siku ulipoteleza, maneno uliyoyasema sikuyasikia.

Juzi, siku ya Krismasi, alivaa lile gauni lake la bluu, akafunga kilemba, akanibembeleza nimtolee kigoda, akakaa nacho ukutani. Upande ule kengele inasikika vizuri, alisema. Alikaa pale mpaka watu walipotoka kanisani, akawa anazitambua sauti zao zinapopita barabarani, huyu ni Hilda, huyu ni Praygod, huyu mguu wake haujapona. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Iliniuma. Silipambi neno hilo, iliniuma sana.

Kisha akaniita. "Bernadetha, siku yangu ikifika mtanipeleka kanisani kwa njia gani? Korongoni mtateleza na mimi. Au mtanirusha juu ya ukuta kama mkungu wa ndizi, Primus anidakie upande wa pili?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, shemeji. Leo nimelileta swali hilo kwako, kwa kuwa ni wewe uliyetajwa ndani yake.

Na dada Stella, unisamehe kwa hili. Leo alfajiri, kabla wageni hamjafika, nilimwona mama mwenye nyumba, na gauni lake hilo hilo la sherehe, amepanda juu ya makreti ya bia, anateremsha bakuli la supu ya mtori kwa kamba upande wa pili, polepole, huku anaongea na mtu asiyemwona. Shemeji, mkeo mlango anao tayari. Ni makreti. Na bia zikiisha leo, makreti yanarudi kiwandani.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Nimeiona, baba, ni saa nzuri.

Niliambiwa nitoe ushauri, na mmeona umetosha, kijiji kizima kimeshiba. Mimi nimeleta zawadi. Iko hapa kwenye kanga. Masale yale uliyoyatupa korongoni, shemeji, niliyakuta wakati nazunguka, nikayaokota moja moja, nikayachomeka upande wangu wa ukuta. Isale halifi kwa urahisi. Yameshika yote. Hili ni jani lake la leo asubuhi, bado lina umande. Ni la babu yako.

Wazee, msinielewe vibaya. Anayebeba isale ni aliyekosa, najua, na mimi sikuja kumwomba shemeji msamaha kwa sababu sijui nilimkosea nini, labda kuwa na kichwa kinachoonekana. Nilikaa nikafikiri hivi. Huenda shemeji anatamani kumwomba Mama Magreth radhi miezi yote hii. Huenda analala na jambo hilo na kuamka nalo. Tatizo ni kwamba jani hana, ameyang'oa yote. Sasa majirani ni wa nini? Tunakopeshana chumvi, tunakopeshana kaa la moto, tunakopeshana dume la ng'ombe. Mimi nakukopesha isale.

Njoo ulichukue, shemeji. Njoo tu. Usimtazame Mzee Elimringi, hapa hana neno. Asante. Wazee mmeona, amelipokea kwa mikono miwili, na mimi nimeridhika nawe mpaka hapo.

Sasa liko kwako, na desturi yake unaijua, ulifundishwa ukiwa mdogo na yule yule. Isale halitumwi kwa mtu. Haliteremshwi kwa kamba. Halipandi bodaboda. Mwenye nalo anatembea nalo mpaka mkononi mwa aliyekosewa. Ukitaka kupitia korongoni na viatu hivyo vya leo, nenda, tutakusubiri, na Lucky atakushauri pa kukanyaga. Lakini namwona fundi Ebenezeri pale, mikono mitupu, na nyundo yake kubwa iko kwenye banda la Malkia, niliiona nilipokwenda kumsalimia ndama. Kumbuka upana, shemeji. Mzigo wa majani, kichwani.

Wageni waalikwa, majirani, wenye nyumba, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mkiwa na njaa. Kabla sijakaa, naomba wote tumsalimie mama kwa pamoja, halafu tunyamaze. Haya.

Ameitikia, mmesikia. Na ameongeza neno. Kwa wasiojua Kichagga, anauliza huyo Primus amefika wapi.

Naona shemeji anavua koti. Ebenezeri, mbona bado umekaa? Mmenisikiliza mimi vya kutosha, asanteni. Sasa tuisikilize nyundo.